Mgombea Anataka Hela Yangu, Kura Hapana

Nyumbani mgombea akipita mtaani kwenu, mnajua siku hiyo hamtoki mikono mitupu. Kuna tisheti, kuna kofia, kina mama wanapata kanga, na kama jimbo lina upinzani wa kweli hata pilau inaweza kuonekana. Najua, Mahakama Kuu ya Tanzania iliikataa takrima tangu 2006, ila nadhani zile kanga hazikuisoma hukumu. Sasa mimi na bahati yangu nikahamia Marekani, nchi yenye hela zake, nikajisemea huku lazima wagombea wanagawa friji. Ndugu zangu, huku mgombea ndiye anayekuomba wewe.

Anaomba kwa meseji. Uchaguzi wa 2024 umeniachia simu inayotetemeka yenyewe hata ikiwa imezimwa. Niko zamu ya usiku ghalani, napanga maboksi, mara mfukoni vuu! "Rafiki, tumebakiwa na saa chache, bila dola 5 zako tumekwisha." Mwanzoni nilidhani ni mpwa wangu wa Muheza amepata namba ya huku. Mpangilio ni uleule: mapenzi mwanzo, msiba katikati, kiasi mwisho. Tofauti ni kwamba mpwa wangu huanza na shikamoo.

Eti ukijibu STOP wanaacha. Wanaacha kweli, halafu namba nyingine inashika zamu. Na kumbe hii namba yangu ilikuwa ya bibi mmoja aliyewahi kuchangia, maana wananiita kwa jina lake na kunisikitikia kwamba siku hizi nimekuwa kimya. Ile orodha ya serikali ya kuzuia simu za matangazo nilijiandikisha. Nikaja kuambiwa inamzuia muuza bima na muuza madirisha. Simu za siasa haiwahusu. Waliopitisha sheria ni kina nani? Basi.

Hapo chama sikitaji, kwanza wote wananitumia. Wa chama chenye nembo ya punda ananiambia wa chama cha tembo akishinda nchi imekwisha. Wa tembo ananiambia nchi ilishakwisha, ndiyo maana anataka dola 5 aifufue. Na usidhani wana shida. Kamala Harris aliingia ulingoni Julai, Biden alipojitoa, na hadi Oktoba kampeni yake na washirika wake walikuwa wamekusanya zaidi ya dola bilioni moja. Bilioni! Halafu mtu amekaa mahali anasubiri tano zangu.

Lakini kinachonichoma zaidi ni sheria yenyewe. Mimi nina grini kadi, uraia bado. Sheria inasema mtu kama mimi akipiga kura ya rais ametenda jinai, na anaweza kujikuta kwenye ndege ya kurudi alikotoka. Sawa, nchi ya watu, nakubali. Nikauliza, je, kuchangia? Aa, karibu sana! Kwa uchaguzi ule wa 2024 mwenye grini kadi aliruhusiwa kumpa mgombea hadi dola 3,300 kwenye mchujo na 3,300 nyingine kwenye uchaguzi mkuu. Yaani kidole changu ni hatari kwa taifa, ila pochi yangu wala haina tatizo la uhamiaji.

Mama watoto yeye ni raia, ameapa, cheti kiko ukutani kimewekewa fremu kubwa kuliko picha ya harusi yetu. Kwa hiyo nyumbani kwetu kuna kura moja na ni yake. Na tunaishi kaunti ya Northampton, Pennsylvania. Kama huijui, hesabu: kaunti hii ilimpa Obama mara mbili, ikampa Trump 2016, ikampa Biden 2020. Anayeshinda kwetu ndiye huwa anaingia Ikulu. Basi mke wangu, ambaye mimi nikimwomba chai anasema jiko unalijua lilipo, akawa anatongozwa na taifa zima. Kadi zinafika kutoka California, zimeandikwa kwa mkono, na mtu asiyemjua, anamwomba tafadhali asisahau kwenda kupiga kura. Kwa mkono! Mimi tangu nimuoe sijamwandikia hata kijikaratasi, na siku ile aliponitazama huku ameshika ile kadi nilitafuta kazi ya kufanya nje.

Nje nako kuna wagonga milango. Jumamosi amekuja kijana amevaa koti zuri, ametoka New York. New York kwake matokeo yanajulikana kabla hata karatasi hazijachapwa, kwa hiyo wanapakiana kwenye mabasi waje kutuamulia sisi. Akanisalimu kwa furaha kama shemeji. Nikamwambia sina kura. Tabasamu likapungua robo tatu. "Kuna mwingine ndani?" Nikamwita mama watoto. Akatoka na upawa mkononi, akamsikiliza kuanzia bei ya mayai hadi Mahakama ya Juu, akamwambia, "Mwanangu, umekula?" Kijana akala wali maharage wetu, akashukuru, akaondoka hajui hata mama huyo ni wa upande gani. Kwa hiyo ikawa wapiga kura ndio tunawapikia wapiga kampeni. Hii wamuulize mgombea yeyote wa ubunge kule Temeke kama anaielewa.

Waandishi wa habari ndio usiseme. Walijaa kwenye migahawa ya hapa, maana wana imani kwamba Mmarekani wa kweli hupatikana asubuhi akila mayai. Mimi nimekaa na kahawa yangu, dada mmoja kanisogezea kipaza sauti, "Nini kinakusumbua zaidi katika uchaguzi huu?" Nikakaa sawa, nikakohoa kidogo, nikaanza na bei ya petroli. Dakika moja ndani akauliza kama nimejiandikisha. Nikasema ukweli. Kipaza sauti kiliondoka kabla sijafika kwenye kodi ya nyumba.

Tarehe 10 Septemba ukaja ule mdahalo wa Philadelphia, Trump akasema wahamiaji kule Springfield, Ohio, wanakula mbwa na paka za watu. Wakuu wa mji wenyewe walisema hakuna taarifa ya kuaminika ya kitu kama hicho. Lakini neno likishatoka, limetoka. Jumapili yake tulikuwa na shughuli ya kijana wetu, nachoma mbuzi nyuma ya nyumba, naona kichwa cha jirani juu ya ua. Kinashuka. Kinapanda tena. Yule bwana ana paka wa njano, mnene. Sikusubiri kuulizwa, nikaingia ndani nikamletea risiti ya buchani. Akaisoma mpaka mwisho, akasema yeye hakuwa na wasiwasi wowote. Nikampa mbavu mbili. Paka wake alikuja mwenyewe baadaye kufuata mifupa, mzima kabisa, na shukrani hana.

Turudi kwenye hela. Tisheti za bure hakuna, hilo tumeelewana. Huku unanunua. Kofia ya Harris na mgombea mwenza wake Walz ya mabakamabaka ya wawindaji ilikuwa dola 40, na watu wakaigombania. Trump yeye alizindua viatu vya dhahabu hapo Philadelphia Februari, dola 399 kwa jozi, na mwezi uliofuata akatangaza Biblia ya dola 59.99. Mgombea anakuuzia Neno la Mungu na chenji ya senti moja! Oktoba akaja tena jimboni kwetu, akafunga aproni kwenye mgahawa wa McDonald's, akakaanga chips. Mgahawa umefungwa, wateja wamepangwa. Mimi nilipofika nchi hii nilianza na kazi ya kukaanga chips, hakuna kamera hata moja iliyokuja, na nilikuwa nazitia chumvi vizuri kuliko yeye.

Mara moja tu nilidhani mambo yamenyooka, aliyefanana na siasa za kwetu amejitokeza. Elon Musk alitangaza anatoa dola milioni moja kila siku kwa mpiga kura wa majimbo yenye ushindani atakayesaini tamko lake. Nikamwambia mama watoto, saini! Kalamu hii hapa, wino ninao. Akakataa. Eti tajiri hagawi hela bila sababu. Tuligombana siku mbili kuhusu milioni ambayo hatukuwa nayo, nikawa nalala naijenga nyumba ya ghorofa Kigamboni. Kumbe wanasheria wa Musk wenyewe waliieleza mahakama pale Philadelphia kwamba wanaopewa hawapatikani kwa bahati nasibu, wanachaguliwa. Sasa kila nikidai kitu humu ndani naambiwa, "Haya, saini."

Na nyumbani hawaniachi. Shemeji yangu wa Tanga hajawahi kukanyaga Marekani lakini anazijua kaunti za Pennsylvania kuliko posta. Ananipigia usiku, "Bucks mnaionaje? Erie je?" Nasema sijui, nimetoka kazini. Anasikitika, kama vile nimemwambia sijui jina la baba yangu. Yeye ndiye aliyenifafanulia kura za wajumbe, zile za kila jimbo ambazo ndizo zinazompata rais: zipo 538, anayefikisha 270 kachukua, sisi tunazo 19. Mama mkwe akampokonya simu. "Mwanangu, mwaka ule yule mama Clinton si alipata kura nyingi?" Ndiyo mama, 2016 alimzidi Trump kwa karibu milioni 3. "Akashinda?" Hapana mama, alishindwa. Kimya. "Huko mlikoenda mnakula vizuri kweli?"

Tarehe 5 Novemba mama watoto akaenda kupiga kura yake, akarudi na stika kifuani. Nikamuuliza kampa nani. Akasema kura ni siri. Mimi mumewe! Trump akashinda kwetu, akachukua zile 19 na nchi nzima, na mpaka leo nikiangalia uso wa mke wangu wakati wa taarifa ya habari siambulii kitu.

Nikasema angalau simu itapumzika. Wapi! Walioshindwa wanaomba hela za kuendeleza mapambano, walioshinda wanauza kofia za ushindi, na kiti chetu cha seneti kikaingia kwenye kurudia kuhesabu kura, kwa hiyo hapo nako kuna mchango. Hata rais hajaapa, nikapata meseji ya 2026, maana Baraza la Wawakilishi huchaguliwa kila baada ya miaka miwili na hawa watu hawana msimu wa kupumzika.

Nikamwambia mama watoto tuhamie Wyoming. Kura za wajumbe 3, watu hawafiki laki 6, mshindi anajulikana miaka yote, hakuna anayekugongea mlango. Aliendelea kukatakata vitunguu vyake.

"Na huko dagaa utanunua kwa nani?"