Dhamira Hailipi Kodi ya Nyumba

Jamani, mkiona mtu kavaa koti jeupe msidhani mambo yake safi. Mwenzenu nimeajiriwa kwenye kampuni changa ya bayoteknolojia (tunatafuta dawa maabara), zile za kubadilisha dunia. Ukidai nyongeza ya mshahara, unaambiwa dhamira. Ukiomba likizo, dhamira. Juzi nimeuliza kiti changu kitatengenezwa lini maana kimelegea mguu, bosi akanishika bega: "Ndugu yangu, kumbuka kuna mgonjwa anatusubiri." Sasa mgonjwa na mguu wa kiti, wapi na wapi?

Na kinachoniuma ni kwamba huwezi kumjibu mtu wa hivyo. Ungekuwa unauza viatu, ungegomba. Hapa ukinuna tu, unaonekana umemnyima mtoto wa watu dawa.

Halafu kuna seli tunazozifuga maabara. Hizo zinaishi! Kabati la nyuzi 37, kaboni dayoksaidi asilimia 5, chakula chekundu kilichotiwa maji ya damu ya ndama ambaye hata hajazaliwa, kitu cha bei mbaya, na kinabadilishwa kila baada ya siku mbili tatu. Mimi feni ya ofisini imekufa na hakuna anayeuliza. Seli hazijui Jumapili wala sikukuu. Kwenye harusi ya binamu yangu nimechomoka katikati ya hotuba ya mjomba (hilo sikulijutia) nikazilishe. Kufika, chupa imeingia ukungu, vinyuzi vyeupe vinaelea kwa raha zao. Nikamwaga klorini, nikaanza upya na suti yangu ya harusi.

Friza nalo ni la nyuzi 80 chini ya sifuri, na kengele yake wameiunganisha na simu yangu. Likilia saa nane za usiku, mke wangu anauliza nani anakupigia saa hizi. Namwambia ni friza. Hebu jaribuni ninyi kumwambia mkeo saa nane za usiku kwamba ni friza! Nikatoka mbio na ndala, kumbe mlango haukufungwa vizuri, barafu imejaa ukingoni. Nani alifungua mwisho? Bosi, akiwaonyesha wawekezaji.

Hao wawekezaji wakija tunaambiwa kila mtu ashike pipeti, kile kidude cha kunyonya na kupima maji. Siku moja hatukuwa na kazi ya sentrifuji (mashine ya kuzungusha vichupa kwa kasi), tukaijaza vichupa vya maji ya bomba, tukavipanga kwa kukabiliana isije ikaruka mezani, tukaizungusha. Wageni wakaipiga picha. Mmoja akauliza matokeo yatatoka lini.

"Lakini una hisa za kampuni," wananiambia. Sawa, zitalipa dawa ikifanikiwa. Dawa kutoka maabara hadi sokoni ni kama miaka 10 hadi 15, na katika kila dawa 10 zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, karibu 9 zinafia njiani. Nimemweleza mwenye nyumba wangu vizuri kabisa habari ya hisa. Akaniuliza zinatumwa kwa simu?

Na juzi tumebadilisha mwelekeo. Tulikuwa tunatibu ini, tumelala, tumeamka tunatibu ngozi. Bosi katangaza kwa machozi, watu wakapiga makofi, mimi nikapewa ngazi na kisu nikabandue neno INI ukutani. Gundi yake imeshika kwelikweli. Herufi ya kwanza imetoka na rangi ya ukuta, na wawekezaji wanafika kesho saa tatu asubuhi.