Asilimia 0.2 ya vikope ni watu wangapi?

Halmashauri ya Kongwa, Chamwino au Bahi, mkoani Dodoma, ikiwa na fungu la kazi moja tu dhidi ya vikope, yaani trakoma, ilipeleke wapi? Wapo wanaosema kingatiba: dawa ya azithromaisini kwa kijiji kizima, mara moja kwa mwaka. Wapo wanaosema pita nyumba kwa nyumba, watafute wazee ambao nywele za kope zao zimegeukia ndani na zinakwaruza jicho kila wanapopepesa. Kundi la kwanza husikika zaidi, maana kingatiba ina idadi kubwa ya kuandika kwenye ripoti.

Hoja ya kundi hilo ni nzito. Vimelea vya vikope hukaa zaidi kwa watoto wadogo na husafiri kwa vidole, kwa kanga moja inayofuta nyuso tatu, na kwa nzi wanaofuata tongotongo. Dozi moja ya kumeza, miligramu 20 kwa kilo ya uzito na isiyozidi gramu 1, hupunguza maambukizi hapo hapo kwenye chanzo. Mtoto wa chini ya miezi sita hupewa mafuta ya macho ya tetrasaiklini ya asilimia 1, mara mbili kwa siku kwa wiki sita. Dawa ya kumeza Pfizer huitoa bure. Kingatiba ikiachwa mapema, wasichana wa leo watakuja kuhitaji upasuaji wa kope wakiwa watu wazima. Hilo halina ubishi.

Ubishi unaanza pale watoto wa miaka 1 hadi 9 wenye dalili wanaposhuka chini ya asilimia 5. Hapo watu hupongezana na magari huhamia kwingine. Lakini kovu ambalo maambukizi ya mara kwa mara huacha ndani ya kope halisikii dawa. Mama aliyeugua mara nyingi utotoni, kisha akaambukizwa tena na watoto wake, kope yake huendelea kujikunja hata kijiji kikikosa mtoto mgonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofushwa na vikope hadi mara nne zaidi ya wanaume, kwa sababu wao ndio wanaokaa na watoto mchana na usiku.

Mbali na ile asilimia 5 ya watoto, shirika hilo lina kigezo cha pili cha kusema vikope vimetokomezwa: kati ya watu wa miaka 15 na zaidi, wenye nywele zilizogeuka wawe chini ya asilimia 0.2. Kwa kuisikia tu, ni kama hakuna mtu. Tupige hesabu. Wilaya ya watu 400,000 ina watu wa umri huo kama 220,000, na asilimia 0.2 yao ni watu 440. Wilaya inaweza kufaulu huku watu 430 wakiendelea kukwaruzwa macho. Tena utafiti haumpimi kila mtu. Ukipima watu 2,000, kabla ya kurekebisha kwa umri na jinsia, mpaka wa kufaulu ni watu wanne. Bibi mmoja aliyekwenda kumsalimia binti yake Kibaigwa siku ya upimaji anaweza kuamua matokeo.

Kuna kipengele kingine ambacho wengi hawakisomi. Wanaohesabiwa ni wale tu ambao mfumo wa afya hauwajui. Aliyekataa upasuaji, anayesubiri tarehe, na aliyepasuliwa kisha nywele zikarudi, wote hao hawamo. Kwa serikali ni haki, maana huwezi kumpasua mtu kwa nguvu. Lakini hiyo ina maana kwamba jina likiandikwa kwenye daftari la zahanati, mwenye jina ametoka kwenye takwimu hata kama jicho lake liko vile vile.

Wapinzani wa msako wa nyumba kwa nyumba wanasema ni ghali: mhudumu anapita nyumba 40 za tembe juani na kurudi na mgonjwa mmoja, au na watu wa mtoto wa jicho. Ni kweli. Ila wa mtoto wa jicho naye anahitaji rufaa, hajapotea bure. Na mavuno madogo mara nyingi hutokana na upimaji mbaya. Tangazo la mwenyekiti wa kitongoji huleta vijana. Asiyeona vizuri hubaki nyumbani. Wengine huwa wameng'oa nywele kwa kibanio jana yake, mpimaji akaona kope safi na kuandika hana tatizo. Inafaa kuuliza kwanza, pembeni, "Bibi, huwa unang'oa?" Kisha umtoe nje kwenye mwanga, umulike kwa tochi ukiwa na miwani ya kukuza mara 2.5, utafute visiki vya nywele. Unywele uliokatika ni mgumu kuliko mrefu, na hukwaruza zaidi.

Muda nao. Kuanzia Desemba hadi Aprili watu wako kwenye uwele na mtama. Kambi ya upasuaji ikiwekwa Januari itapata watu wachache, kisha itaandikwa kwamba jamii haina mwamko. Upasuaji wenyewe hufanywa kwa ganzi ya kope tu, na bandeji hutolewa kesho yake. Kinachomzuia bibi ni nani atateka maji, nani atabaki na wajukuu, nani atamshika mkono njiani. Tafiti za miaka ya 1990 katika vijiji vya Tanzania ya kati zilionyesha kuwa wengi wa wanawake waliokutwa na tatizo hili walikuwa bado hawajapasuliwa miaka kadhaa baadaye.

Pia aambiwe ukweli: upasuaji hauondoi kovu lililokwisha kuwa kwenye kioo cha jicho, unazuia lingine. Akiahidiwa kuona upya, jirani zake watamwona anavyopapasa na watakataa. Mwenye nywele chache anayeogopa kisu apewe kibanio kizuri, afundishwe yeye au mtu anayeona vizuri, na arudi kukaguliwa. Aliyepasuliwa aonwe tena kati ya miezi 3 na 6, kwa kuwa nywele hurudi kwa wengi. Na aliyekataa afuatwe tena baada ya mavuno, safari hii na mwanamke wa kijiji chake aliyekwisha kupasuliwa.