Kuba feki la Roma nalipenda kuliko la kweli

Ukitaja kanisa la Baroque, ule mtindo wa mapambo mengi wa Ulaya ya miaka ya 1600, watu wanawaza dhahabu tu, dhahabu ukutani, dhahabu madhabahuni, vimalaika vibonge kila kona, na kiukweli mengine yamezidisha mpaka macho yanachoka. Ila Sant'Ignazio, kanisa la Wajesuiti (shirika la watawa wa Kikatoliki) pale Roma, mi naona ndo kiboko yao, na kinachonifurahisha zaidi ni kitu ambacho hakipo.

Nasema kuba. Ujenzi ulianza 1626, kuba likiwemo kwenye mpango, halijajengwa mpaka leo. Wapo wanaosema hela ziliisha, wapo wanaosema majirani waligoma kuzibiwa mwanga. Basi 1685 Andrea Pozzo, bruda wa hukohuko kwa Wajesuiti, akachukua turubai la upana wa kama mita 17 akachora kuba zima, nguzo zake, vivuli vyake, hadi mwanga unaoshuka kutoka juu, likapachikwa darini likiwa bapa kabisa! Ukitokea mlango mkubwa unaapa kuna kuba refu, sasa endelea kusogea upite ile alama ya marumaru sakafuni, nguzo zinaanza kulala upande na jamaa anaumbuka mbele yako. Kuba la kweli haliwezi kukufanyia hivyo.

Halafu akarudi kuchora dari lenyewe, akamaliza 1694. Kuta zinaendelea kupanda hewani, hujui jiwe limeishia wapi rangi imeanzia wapi, na mwanga unatoka kwa Mungu unapita kwa Kristo unamfikia Mtakatifu Ignasi, mwanzilishi wa Wajesuiti, ndo unasambaa kwenye mabara manne. Afrika ni mwanamke mweusi amekalia mamba, kashika pembe ya ndovu. Hapo nacheka huku nimenuna, maana Fransisko Xaveri, mwenzake Ignasi kabisa, alitia nanga Malindi 1542 akielekea Goa, na sidhani kama aliwapa wenzake wa Roma habari za watu kupanda mamba.

Kinachonikera ni kile kioo cha kuonyesha dari walichoweka siku hizi, watu wanapanga foleni ndefu wainamishe shingo wapige selfi, wakati Pozzo alipiga hesabu ya kila mstari kwa ajili ya mtu aliyesimama wima anatazama juu, sehemu moja maalum. Ukienda we achana na foleni, tafuta lile duara la katikati ya sakafu usimame, afu jisogeze pembeni taratibu uone majumba yote yanavyoporomoka. Kuingia bure.