Mimba ikitoka, tuulize kwanza ilikuwa na umri gani

Mimba ikitoka, maneno huanza kabla mwenyewe hajainuka kitandani. Huyu anasema alibeba ndoo, alipanda bodaboda. Yule anasema ndivyo ukoo wao ulivyo. Sababu zipo, za mbegu na za mazingira ya mimba, lakini uzito wake hubadilika kadiri mimba inavyokua.

Katika miezi mitatu ya mwanzo, wanaosema tatizo ni la mbegu wana hoja nzito. Takriban nusu ya mimba zinazotoka kipindi hicho huwa na kasoro ya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli. Mtoto hupokea kromosomu 23 kwa mama na 23 kwa baba; yai likigawanyika vibaya, hubaki moja ya ziada, inayoonekana zaidi ikiwa ile ya 16, na hapo hakuna dawa wala mapumziko ya kuiokoa mimba. Ila ukoo hauhusiki. Kosa hilo kwa kawaida halirithiwi, hutokea upya katika yai moja, na huongezeka umri wa mama unaposogea. Wanandoa wachache tu ndio wana mpangilio wa kromosomu unaoharibu mimba mara kwa mara.

Kuanzia wiki ya 28 mizani hugeukia upande wa mazingira. Karibu watoto milioni 2 huzaliwa wafu duniani kila mwaka, na wengi wangeweza kuokolewa. Vimelea vya malaria hujificha kwenye kondo la nyuma na kumpunguzia mtoto chakula, hasa mimba ya kwanza, na mama huenda asisikie hata homa. Ndiyo maana kliniki humpa vidonge vitatu vya SP, dawa ya kukinga malaria, avimeze palepale, nesi akimwangalia. Kaswende nayo hugunduliwa kwa tone la damu ya kidole, majibu yakatoka mama akiwa bado kwenye benchi, na tiba yake ni sindano ya penisilini.

Wakati mwingine pande hizi mbili, urithi na mazingira, hazitenganishiki. Mama mwenye selimundu, ugonjwa wa seli nyekundu za damu, amerithi ugonjwa wake, lakini kwa mtoto aliye tumboni damu hiyo ya mama ndiyo mazingira, na uangalizi mzuri wa kliniki humpa nafasi kubwa zaidi ya kuzaliwa hai.

Kumwambia mfiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa kunafariji, nami siibezi faraja hiyo. Lakini mtoto wa mimba ya miezi minane akifa tumboni kwa kaswende, nataka kujua kama siku mama yake alipokwenda kliniki kipimo kilikuwepo.