Themostati Yako Inapima Nini?

Asubuhi moja nilimtoa chatu wangu ili nisafishe tangi lake. Alipojizungusha mkononi nikaliona tumbo. Magamba matatu ya katikati yalikuwa yamegeuka kahawia, kingo zimejikunja kidogo, na ngozi inayoyaunganisha ilikuwa nyekundu. Usiku kucha sikusikia purukushani yoyote. Alilala palepale alipozoea, kwenye maficho yake ya upande wa joto, akaungua taratibu.

Themostati, kile kifaa kinachowasha na kuzima joto la tangi, ilikuwepo, tena nzima. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi hudhani nyoka wanaoungua ni wa watu wasiotaka kununua vifaa. Nilikuwa nimeitegesha nyuzi 32 na nikaamini kazi imekwisha. Kilichoniponza ni kihisi, ile ncha ndogo ya waya inayoipa themostati habari. Nilikuwa nimekilaza juu ya maranda bila kukifunga, kwa kuwa najua utepe wa gundi ndani ya tangi ni hatari: nyoka akinasa, gundi hutoka na magamba. Usiku chatu akapita, akauburuta waya, ncha ikatumbukia kwenye bakuli la maji. Maji yalikuwa baridi, basi themostati ikasadiki kwamba tangi zima ni baridi, na mkeka wa joto, ule wa umeme unaowekwa chini ya kioo cha tangi, ukaendelea kuwaka mpaka kunakucha.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia nyoka wake yuko salama kwa sababu ana themostati, nina swali moja tu: inapima nini? Mara nyingi najibiwa kwa namba. Nyuzi 31, nyuzi 33. Lakini hiyo ni namba aliyoiomba. Joto linalomfikia nyoka tumboni ni jambo jingine kabisa, na linategemea ile ncha imekaa wapi.

Mkeka wa joto hupasha kile kinachougusa. Hewa ya tangi huiongezea joto kidogo sana. Ukikitundika kihisi hewani, themostati itangoja hewa ifike nyuzi 32, na hewa haitafika, kwa hiyo mkeka hautazimwa kamwe. Ukikilaza juu ya maranda mazito, mambo ni yaleyale kwa sura nyingine: maranda huzuia joto lisipande, juu unasoma nyuzi 30 na kuridhika, huku kioo cha chini kimepita 45. Na nyoka huchimba. Hasa chatu mpira, aina ndogo ya chatu kama huyu wangu, ambaye kwao, Afrika Magharibi na ya Kati, hupitisha sehemu kubwa ya mchana kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa. Ukimwekea maranda atayafukua hadi alifikishe tumbo kwenye kioo.

Mimi sasa nakibana kihisi nje ya tangi, kati ya mkeka na kioo, mahali ambapo nyoka hafiki hata akitaka. Ndani nina kipimajoto cha pili kisichoendesha chochote, kazi yake ni kunisomea joto la sakafu pale anapolaza tumbo. Napandisha na kushusha themostati mpaka kile cha ndani kisome kati ya 31 na 33, ndicho kiwango kinachomfaa chatu mpira upande wake wa joto. Kwangu themostati huandika 35 ili ndani nipate 32. Tofauti hiyo inaletwa na unene wa kioo na wa maranda, kwa hiyo usiinakili namba yangu, pima ya kwako. Pima tangi likiwa tupu, kwa siku moja au mbili, kabla nyoka hajaingia. Na ukitumia kile kipimajoto cha kuelekeza kama tochi, fungua mlango kwanza, maana ukikielekeza kupitia kioo kitakusomea joto la kioo chenyewe.

Kuna hoja mbili ambazo huwa naletewa. Ya kwanza ni kwamba porini nyoka hana themostati na anaishi. Ni kweli, lakini porini ana ardhi nzima. Mwamba ukichemka anaingia chini yake, shimo likipoa anatoka juani. Sisi tumempa futi tatu za kioo, halafu joto lake tumeliweka chini ya sakafu ambayo hawezi kuihama. Ya pili ni kwamba mnyama mwenye vishimo mdomoni vya kunusia joto la panya gizani hawezi kukaa juu ya kitu kinachomchoma. Nami niliamini hivyo. Vishimo vile ni vya windo lililo mbele yake. Tumbo ni habari nyingine: nyoka aliyepoa akipata sehemu moja yenye moto huing'ang'ania, na hung'ang'ania hata pale ngozi inapoanza kuharibika. Ndiyo sababu yale mawe ya umeme ya kuweka ndani ya tangi ningependa yasiuzwe kabisa. Ni kipande kimoja cha moto katikati ya ubaridi, na nyoka anajiviringisha juu yake.

Balbu ya kauri, ile inayotoa joto bila mwanga, ina mambo yake. Uso wake unaweza kupita nyuzi 200, kwa hiyo isikae ndani bila kizimba cha waya, na holda yake iwe ya kauri pia, ya plastiki huyeyuka. Hapa kihisi kinashuka hadi usawa wa mgongo wa nyoka, kimefungwa imara kwa kibanio, chini ya balbu na si pembeni. Usiku sitaki taa ya rangi yoyote. Giza liwe giza.

Baada ya lile jeraha niliingia kwenye kosa la upande wa pili, na huenda ndilo linalowapata wengi wenye hofu. Nilishusha joto mno. Chatu alikula panya vizuri, siku ya tatu akamtapika, amelainika na kunuka, hajameng'enywa. Nyoka hana moto wake wa ndani wa kumeng'enyea chakula, anauazima kwetu. Ukimnyima, nyama inamwozea tumboni, na baridi ikiendelea mapafu yanaanza kuugua: utamwona anainua kichwa, mdomo wazi, mapovu puani. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema ukiogopa kuunguza, zima.

Anachohitaji ni kuchagua. Upande wa pili wa tangi langu unakaa kati ya nyuzi 24 na 26, na kule nako kuna maficho yenye mlango mwembamba kama yale ya upande wa joto. Hili la maficho mawili watu hulipita haraka, na linaniuma. Nyoka mwenye maficho upande wa joto tu atabaki humo hata akizidiwa, kwa sababu kwake kuonekana ni hatari kuliko joto. Umeme ukikatika, nafunika tangi kwa blanketi na kuweka ndani chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kitambaa, basi. Saa chache za ubaridi nyoka mzima huzistahimili. Joto la kupita kiasi haligawi muda kama huo.

Ukiona magamba ya tumbo yamebadilika rangi, au malengelenge, zima mkeka, poza kwa maji ya kawaida yasiyo ya barafu, ondoa maranda yote umtandikie karatasi safi, kisha mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo. Usipake mafuta. Ngozi ya nyoka huchelewa kuonyesha ukubwa wa jeraha. Yale matatu niliyoyaona asubuhi ile yalikuwa manane baada ya wiki.

Amejivua gamba mara tano tangu hapo. Kila mara nalitandaza gamba lililotoka mezani likiwa bado na unyevu, natafuta sehemu ile. Mwanzoni lilikuwa linachanika hapo. La mwisho limetoka zima, lakini magamba manane bado yamekunjamana, madogo kuliko jirani zake. Usiku, kabla sijazima taa, nainama chini ya tangi nauvuta ule waya kidogo kwa vidole viwili nione kama umekaa.