Harufu ya Kiwandani, Sumu ya Asili

Marashi mengi yanayosifiwa kunukia nyinyoro ya mabondeni hayana hata tone moja la ua lenyewe. Vile vikengele vyeupe vinavyoota kivulini katika misitu ya Ulaya havikamuliki mafuta ya maana. Edmond Roudnitska, mtunzi wa marashi aliyeunda marashi ya Diorissimo mwaka 1956, aliupanda mmea huo bustanini kwake ili aunuse vizuri, kisha akaiiga harufu yake kwa kuchanganya kemikali. (Jina tumelizoea kutoka Wimbo Ulio Bora, ingawa ua la kule huenda ni jingine kabisa.)

Kwa hiyo harufu ni ya kiwandani. Sumu ndiyo ya asili, nami nimechoka kuambiwa "hii ni ya asili, haina madhara." Mizizi, majani, maua, hata yale matunda mekundu, vyote vina sumu. Mojawapo, konvalatoksini, huugusa moyo kama dawa ya digoksini: kwa kipimo sahihi huupa nguvu, ikizidi mtu hutapika na mapigo yake huenda polepole au ovyo ovyo. Waganga wa Ulaya waliutumia mmea huu kutibu moyo, wala siwabezi. Ila jani halina kipimo kilichoandikwa juu yake, na kati ya dawa na sumu hapa pana hatua fupi mno.

Walioponzwa na majani yake si wapumbavu. Majira ya kuchipua, watu huingia msituni kuchuma kitunguu saumu mwitu, na majani ya mimea hii miwili yanafanana sana. Utaambiwa ufikiche jani, unuse. Sawa, kwa jani la kwanza. Ukifika la kumi vidole vimeshanuka saumu, na kila unachoshika kitanuka saumu. Mimi ningetazama chini: kila jani la saumu mwitu huchomoza ardhini na kikonyo chake, ya nyinyoro hutoka mawili pamoja, moja limelikumbatia jingine.

Na anayedhani kiwanda ndicho kimbilio, naye asubiri kidogo. Lilial, kemikali iliyotumika miaka mingi kutengeneza harufu hii, ilipigwa marufuku kwenye vipodozi katika Umoja wa Ulaya tangu Machi 2022, kwa kuhofiwa kudhuru uzazi.

Hadithi za ua hili lakini nazipenda. Wapo wanaosema ni machozi ya Bikira Maria. Finland wamelifanya ua lao la taifa. Ufaransa, kila tarehe 1 Mei, watu hupeana vishada vya bahati njema, desturi inayosimuliwa kuwa ilianzishwa na mfalme Charles IX mwaka 1561, na siku hiyo hata asiye mfanyabiashara huachwa auze barabarani. Ukipewa, pokea. Kiweke juu, mtoto na paka wasipofika, na maji ya chombo uyamwage mwenyewe, kwa sababu sumu hushuka humo pia.