Jasho la Camacho si la kuchekwa

Jumamosi ya tarehe 22 Juni 2002, saa tatu na nusu asubuhi kwa saa za kwetu, Hispania na Korea Kusini zilianza robo fainali ya Kombe la Dunia mjini Gwangju. Nilikuwa nimebanana na wenzangu kwenye banda la video, kikombe cha chai mkononi. Kamera haikuchoka kumrudia mtu mmoja pembeni mwa uwanja: José Antonio Camacho, kocha wa Hispania, shati la buluu limelowa kwapani, doa linashuka mbavuni kadiri dakika zinavyokwenda. Banda zima lilicheka. Miaka yote hii, ukimtaja Camacho kwa watu wa mpira, wengi wanakumbuka shati lile na hawakumbuki kingine.

Inaniuma. Mtu aliyevuja jasho maisha yake yote hafai kubakizwa kwenye doa la shati.

Alizaliwa Cieza, mkoani Murcia, mwaka 1955. Akapita Albacete, na mwaka 1973 akachukuliwa na Real Madrid. Hakubanduka pale hadi alipotundika daluga mwaka 1989. Alikuwa beki wa kushoto wa ile aina ambayo winga akisikia anacheza, anajua kabisa leo hakuna raha. Alikuwa anamganda mtu kama ruba. Makombe tisa ya ligi, mawili ya UEFA, mechi 81 za timu ya taifa. Na mechi nyingi katika hizo 81 alizicheza baada ya goti lake kuharibika vibaya mwaka 1978, wakati ambapo jeraha la namna hiyo lilikuwa linamaliza wachezaji kabisa. Alikaa nje karibu miaka miwili, akakosa Kombe la Dunia la Argentina, akarudi akakaba vilevile.

Kuna tukio moja la uchezaji wake ambalo sijawahi kulisahau tangu nilipoliona kwenye picha za zamani. Paris, Mei 1981, fainali ya Kombe la Ulaya la vilabu dhidi ya Liverpool. Camacho, beki, anajikuta mbele ya kipa Ray Clemence. Anaunyanyua mpira kwa ustadi, unampita kipa, unapaa kidogo tu juu ya mwamba. Zikiwa zimebaki dakika chache, beki wa kushoto wa upande wa pili, Alan Kennedy, akafunga, ikaisha 1-0. Beki kwa beki, mmoja kapata na mwingine kakosa, na Camacho hakulipata kombe hilo hadi anastaafu.

Ukocha aliuanzia chini. Rayo Vallecano, kisha Espanyol, ambayo aliipandisha daraja mwaka 1994. Mwaka 1998 klabu yake ya damu, Real Madrid, ikamwita. Alikaa siku 22. Hata mechi moja ya mashindano hakuiongoza: alitofautiana na rais Lorenzo Sanz kuhusu watu wa kufanya nao kazi kwenye benchi la ufundi, akafunga virago. Mwaka 2004 wakamwita tena, safari hii chini ya Florentino Pérez, chumba cha kubadilishia nguo kimejaa Zidane, Ronaldo, Figo, Beckham, Raúl. Mechi sita za mashindano, ikiwemo kipigo cha 3-0 kule Leverkusen, akaondoka mwenyewe Septemba hiyohiyo.

Wengi wanasoma hapo wanaona mtu asiye na subira. Mimi naona kitu ambacho ni adimu mno kwenye kazi hii. Makocha tunaowajua wanang'ang'ania kiti hadi kibarua kiote nyasi, kwa sababu anayefukuzwa analipwa fidia na anayeondoka mwenyewe mara nyingi hapati kitu. Camacho aliipenda klabu ile kuliko wengi waliomfuata. Alipoona hawezi kuifanya kazi kwa namna anayoiamini, hakusubiri aambiwe. Hilo ni kosa kweli? Kama ni kosa, naomba tupate wengi wa kulifanya.

Na asiyejua kama ana moyo aende Ureno, akaulize Benfica. Januari 2004, Miklós Fehér, mshambuliaji wa Hungaria mwenye umri wa miaka 24, alianguka uwanjani kule Guimarães na hakuamka tena. Camacho ndiye aliyekuwa kocha. Alitakiwa kuwarudisha vijana mazoezini, kuwapanga, kuwaambia wacheze mpira, huku jezi namba 29 ikiwa haina mwenyewe. Mei mwaka uleule wakaifunga Porto ya José Mourinho 2-1 kwenye fainali ya Kombe la Ureno, baada ya muda wa nyongeza. Siku kumi baadaye Porto hiyohiyo ikatwaa ubingwa wa Ulaya. Benfica ilikuwa haijashika kombe tangu 1996. Kwangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote za klabu.

Sitamtetea kwa kila kitu. Kazi ya kuifundisha timu ya taifa ya China ilimshinda, Juni 2013 walifungwa 5-1 na Thailand wakiwa nyumbani, na hapo ikabidi aende. AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2017, ile ambayo sisi tuliifuatilia zaidi kwa sababu Uganda ilikuwa imerudi baada ya 1978, Gabon ya Camacho ilitoka sare tatu na kuaga kwenye makundi mbele ya mashabiki wake, ikiwa na mshambuliaji nyota Aubameyang.

Lakini turudi Gwangju. Morientes wa Hispania alifunga kwa kichwa kwenye muda wa nyongeza, na enzi zile za bao la dhahabu mechi ingeisha papo hapo. Kibendera kikawa juu: eti mpira ulishavuka mstari kabla Joaquín hajauchonga. Haukuvuka, dunia nzima iliona. Hispania ikatolewa kwa matuta, 5-3. Golini mwao alikuwa kijana wa miaka 21, Iker Casillas, ambaye Camacho ndiye aliyempa mechi yake ya kwanza ya taifa mwaka 2000. Novemba mwaka huohuo, dhidi ya Uholanzi mjini Sevilla, alikuwa amewapa pia mechi ya kwanza Carles Puyol na Xavi. Siku moja, wote wawili.

Miaka minane baada ya Gwangju, fainali ya Kombe la Dunia mjini Johannesburg, Camacho hakuwa tena kwenye benchi. Aliyekaa pale ni Vicente del Bosque, mwenzake wa zamani pale Madrid. Camacho alikuwa na kipaza sauti, anatangaza kwenye televisheni ya Hispania. Uwanjani Casillas, Puyol na Xavi. Dakika ya 116 Andrés Iniesta akapiga, nyavu zikatikisika, na sauti ya beki yule wa zamani ikapasuka hewani: "¡Iniesta de mi vida!" Iniesta wa maisha yangu.